Kuunganisha kamera kubwa na kompyuta kwa mikutano na matangazo mubashara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wenye kamera za kubadilisha lenzi na kamera za video za harusini wanaotaka picha yake iingie kwenye Zoom, Google Meet, YouTube au Facebook. Wanaouliza zaidi ni wapiga picha wa shughuli, vijana wanaoshughulikia vyombo makanisani na misikitini, na walimu wanaofundisha mtandaoni. Si lazima usome kwa mfuatano. Ruka hadi kwenye swali linalokusumbua.

Kompyuta yangu mpakato ina kamera tayari. Kwa nini nihangaike?

Kama shida yako ni kikao cha Jumatatu cha nusu saa, usihangaike. Geuza meza ili dirisha liwe mbele yako badala ya kuwa mgongoni, na sehemu kubwa ya tatizo imekwisha bila kutoa shilingi.

Kamera kubwa inalipa pale watu wanapokutazama kwa muda mrefu au unapopiga kutoka mbali: somo la saa nzima, mahubiri, usaili wa kazi, nikahi ambayo nusu ya ukoo iko nje ya nchi. Kihisi cha picha cha Canon ya daraja la APS-C kina upana wa milimita 22.3 na kimo cha milimita 14.9. Cha kompyuta mpakato kina milimita chache tu, ndiyo maana jioni ikiingia picha inajaa chenga. Halafu kuna lenzi: ukiwa mwisho wa ukumbi unaweza kumvuta bibi harusi aliye jukwaani hadi machozi yaonekane.

Kuna njia ngapi za kuunganisha?

Ya kwanza ni waya wa USB kutoka kwenye kamera moja kwa moja hadi kwenye kompyuta. Ya pili ni waya wa HDMI unaopita kwenye kifaa kidogo cha kunasa picha, ambacho mafundi wanakiita kapcha kadi, kisha USB. Hizi mbili ndizo zinazowahusu watu wengi.

Ya tatu ni SDI, waya mnene wa koaksia wenye kichwa cha kuzungusha kiitwacho BNC, unaopatikana kwenye kamera za televisheni na baadhi ya kamera kubwa za harusi. Ya nne ni kupitisha picha kwenye waya wa mtandao kwa mfumo kama NDI; hiyo waachie wenye ukumbi wa kudumu na fundi wa mtandao anayelipwa.

Nitajuaje kama kamera yangu inakubali USB peke yake?

Tafuta jina kamili la modeli, lile lililo chini ya kamera, si lile la kwenye mkanda wa shingoni. Halafu kuna makundi mawili.

Kamera za miaka ya karibuni hujitambulisha kwa kompyuta kama kamera ya kawaida ya mikutano, kwa kanuni iitwayo UVC. Windows, macOS na Linux zote zinaielewa bila kupakua chochote. Sony ZV-E10 na A7 IV zimo, Canon EOS R8, R50 na R6 Mark II zimo. Kwenye Sony tafuta "USB Streaming" katika menyu. Kwenye Canon hizo unachagua "Video calls/Streaming" mahali pa kuchagua aina ya muunganisho wa USB. Hata hivyo usidhani zote zinatoa picha sawa: ZV-E10 kwa njia hii inatoa 720p (picha yenye mistari 720 kutoka juu hadi chini), wakati A7 IV inafika 1080p ya fremu 60 kwa sekunde.

Kundi la pili ni kamera za zamani kidogo zinazohitaji programu ya kampuni. Programu hizo ni watoto wa Uviko. Canon ilitoa ya majaribio Aprili 2020, Fujifilm ikafuata Mei, Sony na Nikon zikaja Agosti mwaka huohuo. Kabla ya hapo mtu alikuwa na kamera ya mamilioni isiyoweza kufanya kazi ya kikamera cha kubandika juu ya skrini. Canon ya sasa ina toleo la bure na, tangu Novemba 2022, toleo la kulipia liitwalo EOS Webcam Utility Pro. Kwa mkutano wa kawaida la bure linatosha.

Kasoro ya kundi hili ijue mapema. Kinachotumwa ni picha ya kile kioo cha nyuma, iliyopunguzwa ukubwa; kwenye Canon kadhaa ni pikseli 1024 kwa 576. Sauti kwa kawaida haiji kabisa. Kwa hiyo kwa kazi ya kulipwa mimi hushauri HDMI hata kama USB inakubali.

Nimeweka programu ya kampuni lakini Zoom haioni kamera.

Anza na waya. Waya nyingi za USB zilizozagaa nyumbani ni za kuchaji tu. Ndani hazina nyuzi za kupitisha data, na hakuna menyu itakayokusaidia. Jaribu waya unaoweza kuhamisha picha kutoka kwenye kadi: picha zikihama, waya ni mzima.

Kisha zima Wi-Fi ya kamera. Kwenye Canon nyingi Wi-Fi ikiwa imewashwa, USB haifanyi kazi kabisa. Funga programu nyingine yoyote inayoishika kamera, kama EOS Utility au ile inayofunguka yenyewe kutaka kuingiza picha, maana kamera inaongea na programu moja kwa wakati. Kamera iwe kwenye hali ya video. Mwisho, izime Zoom kabisa kisha uifungue upya baada ya kamera kuwashwa, kwa sababu programu nyingi za mikutano hukagua kamera zinapoanza.

Wenye Mac wana jambo lao. Kuanzia macOS 14.1 Apple iliacha kukubali viunganishi vya kamera vya mtindo wa zamani. Programu uliyoipakua 2020 ikafanya kazi vizuri inaweza kupotea kwenye orodha baada ya kusasisha mfumo. Pakua toleo jipya la kampuni, na kama halipo, hamia HDMI. Usisahau pia ruhusa ya kamera katika mipangilio ya faragha, ambayo hata Windows inayo.

Nimeunganisha HDMI, lakini miraba na namba za betri zinaonekana kwa watazamaji.

Hapa ndipo kamera nyingi za zamani zinapokwama, na ndilo swali la kujibu kabla hujanunua kapcha kadi yoyote. HDMI ya kamera ina uwezo wa kutoa picha tupu au kutoa kila kitu kilicho kwenye kioo cha nyuma: mraba wa fokasi, betri, namba za mwanga. Kamera nyingine hukuruhusu kuchagua, nyingine hapana.

Kipimo chake ni televisheni ya sebuleni. Chomeka kamera kwenye televisheni kwa HDMI, weka hali ya video, na uangalie. Picha ikiwa tupu, imejaa skrini yote, na haizimiki baada ya nusu saa, kamera yako inafaa. Jaribio hili ni la bure na linakueleza zaidi kuliko muuzaji yeyote.

Kama maandishi yapo, ingia kwenye menyu. Sony: "HDMI Info. Display" iwe Off. Panasonic ina mpangilio unaofanana na huo. Nikon: ndani ya sehemu ya HDMI, zima "Live view on-screen display". Canon za karibuni zina chaguo la kutoa picha safi. Ukikosa, bonyeza kitufe cha INFO mara kadhaa uone maandishi yanapungua hadi wapi.

Canon 600D na 700D, ambazo bado ni nyingi mitaani, hazitoi picha safi kwa programu yake ya kiwandani. Kuna programu ya watu binafsi iitwayo Magic Lantern inayoweza kuondoa maandishi, lakini haitoki Canon na kamera ikiharibika ni juu yako. Njia nyingine ni kukata kingo ndani ya OBS, programu ya bure ya kurusha picha nitakayoieleza mbele: shikilia Alt huku ukivuta pembe ya picha. Inaondoa maandishi ya pembeni. Mraba wa katikati unabaki palepale. Kwa mtu ambaye bado hajanunua, kuitafuta 80D iliyotumika ni busara kuliko kupambana na 600D.

Kapcha kadi ya bei rahisi ya Kariakoo inafaa, au ninunue Elgato?

Inategemea kazi, na inafaa ujue unachonunua.

Video ya 1080p ina pikseli 2,073,600 katika kila fremu. Ikitumwa bila kubanwa kwa mfumo wa kawaida wa baiti mbili kwa pikseli, fremu 30 kwa sekunde, ni megabaiti 124 kila sekunde, sawa na megabiti 995 hivi. USB 2.0 inabeba megabiti 480 ikijitahidi sana. Maana yake kapcha kadi yoyote ya USB 2.0 inayotoa 1080p lazima iibane picha kwanza, fremu moja moja, kwa mtindo wa JPEG. Ndivyo zinavyofanya zile ndogo za bei rahisi, ambazo nyingi ndani yake mna chipu ya MacroSilicon MS2109. Picha yake inapoteza ukali kidogo, rangi nyekundu zinavuja kwenye kingo, na kwenye giza utaona vimraba.

Boksi likisema 4K, uliza: inayoingia au inayotoka? Kadi ya MS2109 inakubali kupokea 4K, lakini inatoa 1080p ya fremu 30. Na plastiki ya bluu ndani ya kichwa cha USB si ushahidi wa USB 3.0; zipo zenye bluu ambazo ndani ni USB 2.0 tupu.

Kwa mkutano wa Zoom, kadi hiyo ya bei rahisi inatosha kabisa, kwa sababu Zoom yenyewe itaibana picha zaidi ya hapo. Kwa ibada ya kila wiki inayokaa YouTube mwaka mzima, au harusi ya mteja, nunua ya USB 3.0. Elgato Cam Link 4K inapitisha 1080p ya fremu 60 au 4K ya fremu 30, na kompyuta inaiona kama kamera ya kawaida bila draiva. AVerMedia na Magewell nazo ni nzuri. Za Magewell ni ghali, na ndizo utakazozikuta kwenye kumbi za mikutano mikubwa.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: kadi hizi ndogo hupata moto. Usiifunike kwa kitambaa cha meza, na usiichomeke moja kwa moja ubavuni mwa kompyuta iliyopakana na dirisha la jua. Tumia kipande kifupi cha waya wa USB 3.0 ili ikae hewani.

Waya wa HDMI haingii kwenye kamera yangu.

Kuna matundu ya aina tatu. Kubwa ni lile la televisheni. Utalikuta kwenye Sony A7 IV, A7S III na Panasonic GH5. La kati, mini, lipo kwenye Canon 80D, 90D na Nikon Z6. Dogo kabisa, micro, lipo kwenye Sony a6400, ZV-E10, Canon R6 na Fujifilm X-T4.

Hilo dogo ni adui. Likichezeshwa upande linalegea, na likilegea picha inakatika katikati ya "nakubali". Funga waya kwenye stendi au kwenye mwili wa kamera kwa kamba ya plastiki ili mtu akijikwaa, mvuto usifike kwenye tundu. Adapta ngumu ya kuchomeka micro kisha waya mzito wa kawaida ndiyo inayovunja matundu mengi. Nunua waya wenye micro upande mmoja na kichwa kikubwa upande wa pili.

Kuhusu urefu: waya wa kawaida wa shaba hadi mita 5 hauna shida, mita 10 ni bahati yako na ubora wa waya. Ukumbi ukitaka zaidi, geuza HDMI kuwa SDI kwa kigeuzi kidogo. Waya mzuri wa SDI unapeleka picha ya 1080p mita zipatazo 100, na kichwa chake cha BNC hakichomoki chenyewe.

Kamera inazimika baada ya dakika thelathini. Ni mbovu?

Si mbovu. Mambo mawili yanachanganywa hapa.

La kwanza ni kikomo cha kurekodi cha dakika 29 na sekunde 59, ambacho chanzo chake ni ushuru wa forodha wa Ulaya: kamera iliyoweza kurekodi dakika 30 au zaidi ilihesabiwa kuwa kamera ya video na kutozwa zaidi, basi watengenezaji wakaikata kabla. Kikomo hicho ni cha kurekodi kwenye kadi. Ukitoa picha kwa HDMI bila kubonyeza kitufe chekundu, kwa kawaida hakikugusi.

La pili ni kujizima ili kuokoa betri. Tafuta "Auto Power Off" kwenye Canon na uizime. Kwenye Sony ni "Power Save Start Time", na kwenye Nikon ni muda wa kuzima kioo wakati wa live view (picha ikionekana mubashara kwenye kioo cha nyuma), uweke "No limit". Canon chache za zamani hukata live view baada ya nusu saa hata ukizima yote hayo. Hapo mtu wa kamera awe anagusa kitufe cha shata nusu kila baada ya muda.

Nitumie betri ngapi kwa shughuli ya saa tatu?

Usitumie betri. Tafuta betri bandia: umbo la betri lisilo na kitu ndani, lenye waya unaokwenda kwenye adapta ya ukutani. Inauzwa kwa jina la betri yako, kwa hiyo soma betri kwanza. LP-E8 ni ya 600D na 700D, LP-E10 ya 1300D na 2000D, LP-E17 ya 750D, 800D na 200D, LP-E6 ya 80D, 6D na 5D Mark III. Kwa Sony, NP-FW50 ni ya a6400 na ZV-E10, NP-FZ100 ya A7 III na A7 IV. Nikon D5100 hadi D5600 hutumia EN-EL14.

Kwenye kifuniko cha betri kuna kijitundu chenye raba cha kupitishia waya. Usilazimishe kifuniko kufunga juu ya waya, maana kamera haitawaka kifuniko kisipojifunga sawasawa. Na ukichomoa waya huo, kamera inazima papo hapo, haina akiba ya hata sekunde moja. Weka betri halisi iliyojaa mfukoni.

Umeme ukikatika je?

Kompyuta ina betri yake, lakini kamera yenye betri bandia, ruta na miksa vyote vitazima. UPS ndogo ya ofisini iwekee ruta na kamera tu, ambavyo havili umeme mwingi; usimchomekee mtu wa mapambo taa zake humo, na wataomba. Jenereta ya ukumbini inapowaka huchukua muda, na mara nyingi umeme wake wa mwanzo unayumba, hivyo UPS inakulinda mara mbili.

Picha inapepesa, mistari inapanda na kushuka.

Umeme wetu, Tanzania, Kenya, Uganda na majirani, ni wa hezi 50, na taa nyingi zinazochomekwa humo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Kasi ya shata ikiwa 1/50 au 1/100, kila fremu inapokea kiasi kilekile cha mwanga na kupepesa kunakwisha. Ikiwa 1/60 au 1/125, mistari inarudi.

Kamera zilizotoka Marekani au Japani huja zimepangwa kwa mfumo wa NTSC, fremu 30 au 60, na zikiachwa zijiamulie hupenda 1/60. Badilisha mfumo wa video kuwa PAL upate fremu 25 na 50. Baadhi ya Sony zitakudai ufute kadi kwanza, basi hamisha picha zako mapema. Ukitaka kubaki na fremu 30 kwa ajili ya Zoom, baki, ila shata iweke 1/50 kwa mkono. (Na kwa wanaoagiza Sony zilizotumika kutoka Japani: nyingi za soko la huko zina menyu ya Kijapani tu, na haibadiliki.)

Taa za LED za jukwaani na zile skrini kubwa za nyuma ya maharusi ni mtihani mwingine, kwa sababu hupepesa kwa kasi zake zenyewe. Hapo unahitaji kamera inayokuruhusu kupandisha shata kidogo kidogo, 1/50.3, 1/51 na kuendelea, hadi mistari itulie. Isipokuwepo, mwombe fundi wa taa aongeze mwanga wa skrini. Mara nyingi kupepesa kunazidi ikiwa imefifishwa.

Mdomo na sauti haviendi pamoja.

Picha inayopita HDMI na kapcha kadi huchelewa, mara nyingi sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Maikrofoni ya USB haichelewi kiasi hicho. Matokeo yake sauti inatangulia, na mhubiri anaonekana kama filamu iliyotafsiriwa vibaya.

Dawa ya kwanza ni kuingiza sauti kwenye kamera, ili picha na sauti zisafiri kwenye HDMI moja. Hiyo ndiyo njia pekee rahisi kwa Zoom, ambayo haina sehemu ya kuchelewesha sauti. Tundu la maikrofoni la kamera limetengenezwa kwa sauti ndogo. Ukileta waya kutoka kwenye miksa bila kupunguza, itakwaruza. Shusha sauti ya kutoka kwenye miksa, shusha pia kiwango cha kurekodi ndani ya kamera, na uweke kwa mkono badala ya otomatiki, la sivyo kila mhubiri anaponyamaza utasikia feni zikipanda.

Dawa ya pili ni OBS. Simama mbele ya kamera, piga kofi, rekodi, kisha hesabu fremu kati ya mlio na mikono kukutana. Kwa fremu 25, kila moja ni milisekunde 40. Fremu nne ni 160. Nenda kwenye "Advanced Audio Properties", andika namba hiyo kwenye "Sync Offset" ya maikrofoni, rudia kofi.

Ukisikia mlio wa "mmm" usiokoma, chomoa chaja ya kompyuta. Ukikoma, tatizo ni umeme wa chaja na wa miksa kukutana kupitia waya wa sauti. Kiboksi cha transfoma ya kutenganisha sauti kinatibu hilo, na hakina bei kubwa.

OBS ni nini, na naihitaji?

Ni programu ya bure, ya Windows, macOS na Linux, inayokusanya kamera, sauti, maandishi na picha na kuvirusha au kuvirekodi. Tangu toleo la 26 la mwaka 2020 ina kitufe cha "Start Virtual Camera": ukikibonyeza, Zoom na Meet zinaiona OBS kama kamera. Kwa kamera moja na mkutano mmoja huihitaji. Ukitaka jina la mnenaji chini ya skrini, au kukata kingo, utaihitaji.

Najiona kinyume, maandishi ya fulana yamegeuka.

Ni kwako tu. Zoom hukuonyesha kama kioo. Wenzako wanakuona sawa. Ondoa alama kwenye "Mirror my video".

Kamera ni nzuri, lakini Zoom inaonyesha ukungu.

Zoom inaamua ubora kwa kuangalia mtandao wako, aina ya akaunti na ukubwa wa kisanduku chako kwenye skrini za wengine. Kwa maelekezo yake yenyewe, mazungumzo ya watu wawili kwa 720p yanataka megabiti 1.2 za kupandisha, na 1080p megabiti 3.8. Angalia kasi ya kupandisha, si ya kushusha. Vifurushi vingi vinajisifia ya pili. Washa HD kwenye mipangilio ya video, funga tundu la lenzi kidogo hadi f/4 hivi ili pua na masikio vyote viwe kwenye fokasi, na ongeza taa. Nyuma iliyofifia sana ni nzuri kwa picha ya harusi, lakini mtu akisogea anatoka kwenye fokasi na ukungu unaouona ni huo.

Bando la kiasi gani linatosha kurusha harusi?

Hesabu ni nyepesi. Megabiti 4 kwa sekunde, ambazo zinatoa 720p nzuri au 1080p ya wastani, ni gigabaiti 1.8 kwa saa. Harusi ya saa tatu: 5.4. Ongeza sauti na majaribio, nunua 8. Ukishusha hadi megabiti 2.5 inakuwa gigabaiti 1.1 hivi kwa saa, na kwa picha ya 720p watu wengi wanaotazama kwa simu hawatalalamika.

Tatizo hasa ni ukumbi uliojaa. Mchana ulipopima kasi ulikuwa peke yako. Saa mbili usiku wageni mia nne wanapandisha picha zao kwenye mnara uleule. Rusha kwa nusu ya kasi uliyopima, na uwe na laini ya mtandao mwingine tayari. Na YouTube: akaunti mpya inaweza kuchukua hadi saa 24 kuruhusiwa kurusha, kwa hiyo usiifungulie siku ya shughuli.

Nina kamera tatu. Nizibadilishe vipi?

Unaweza kuchomeka kapcha kadi mbili au tatu kwenye kompyuta moja, lakini zikipita kwenye kigawanyio kimoja cha USB zinagombania njia na moja inakuwa nyeusi. Mimi ningekodi Blackmagic ATEM Mini. Ilitoka 2019, ina matundu manne ya HDMI, inapokea kamera zenye fremu tofauti na kuzisawazisha yenyewe, na kompyuta inaiona kama kamera moja ya USB. ATEM Mini Pro, ya 2020, inaweza kurusha yenyewe kupitia waya wa mtandao bila kompyuta. Kabla ya shughuli linganisha rangi: kamera zote weka "white balance" namba moja, kwa mfano 5600 nje au 3200 chini ya taa za njano. Otomatiki itampa bibi harusi ngozi tatu.

Ndugu wako Muscat na Dubai. Nitumie simu ya WhatsApp?

Simu za WhatsApp zimekuwa zikizuiwa Oman na Falme za Kiarabu kwa miaka mingi, basi usijenge shughuli juu yake. Watumie kiungo cha YouTube kilichowekwa "Unlisted": mwenye kiungo anaona, mtafutaji haoni. Kama wanataka kuongea na maharusi, Zoom fupi baada ya nikahi. Na waulize mapema wenye shughuli upande wa wanawake unarushwa au haurushwi. Hilo si la kuamua ukiwa nyuma ya kamera.

YouTube imekata sauti ya harusi.

Ni muziki. Mfumo wa Content ID unatambua nyimbo zenye haki miliki hata zikitoka kwenye spika za ukumbi, na unaweza kusimamisha matangazo yenyewe. Wakati wa DJ, punguza sauti ya ukumbi na ubaki na maikrofoni ya mshereheshaji, au malizia matangazo baada ya ndoa na hotuba. Kwaya inayoimba wimbo wake yenyewe haina shida hiyo.

Nakodi kamera. Nimuulize mwenyewe nini?

Modeli kamili. Tundu la HDMI ni la aina gani, na waya wake upo? Betri bandia ipo? Akuwashie mbele yako, aichomeke kwenye televisheni ya dukani, uone picha ni tupu, na uchezeshe waya kidogo tunduni uone kama picha inakatika. Menyu iko kwa lugha gani? Pigia picha matundu yote ya kamera kabla ya kuondoka nayo, akiwa anakuona.